Utamu Huu ni wa Nani? Sukari ya Pangani, Kakao, na Zao Linaloweza Kusubiri

(Hii ni mada iliyotolewa mjini Pangani katika mkutano wa kamati za parokia na marafiki wa mradi wetu wa kilimo. Kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala, tunaichapisha hapa karibu yote kama ilivyosemwa.)



Awali ya yote tunawashukuru kwa kufika. Wapo walioamka alfajiri kuwahi kivuko cha Bweni, na wapo walioteremka kutoka milimani Muheza jana jioni wakalala kwa ndugu zao. Tumepewa nusu saa, nasi tutajitahidi tusiipite.

Mada tuliyopewa ni historia ya chokoleti katika enzi za ukoloni. Tulipoisikia kwa mara ya kwanza baadhi yetu tulicheka. Pangani na chokoleti, wapi na wapi? Hapa tuna nazi, mkonge, ufuta na samaki. Chokoleti ni kitu cha dukani, tena huyeyuka kabla hujafika nayo nyumbani.

Lakini mada hii ilitokana na tukio dogo. Mwaka jana wageni wetu walileta boksi la chokoleti kwa watoto wa chekechea katika parokia moja ya mlimani. Bibi mmoja, mjumbe wa kamati, mwenye miti ya kakao nyuma ya nyumba yake, naye alipewa kipande. Alikiweka mdomoni akakaa nacho kwa muda, kisha akauliza, "Hii ndiyo kakao yetu ile?" Mgeni akamjibu kwamba ndiyo, inatokana na kakao. Bibi akasema, "Sasa mbona ya kwetu chungu?"

Watu walicheka, na swali likapita. Sisi tuliondoka nalo. Jibu lake la haraka ni sukari. Katika chokoleti ya maziwa, karibu nusu ya uzito ni sukari. Kwa hiyo anayetaka kuijua historia ya chokoleti hana budi kuijua ya kakao pamoja na ya sukari. Na katika habari za sukari, Pangani ina lake la kusema.

KINYWAJI KICHUNGU KILIVYOPATA UTAMU

Mti wa kakao asili yake ni Amerika. Wamaya na Waazteki walikunywa kinywaji cha kakao kilichokuwa kichungu, mara nyingi chenye pilipili na viungo vingine, na mbegu zake zilitumika hata kama fedha sokoni. Wahispania waliuteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, na katika karne hiyohiyo kinywaji hicho kikavuka bahari kwenda Ulaya. Huko kilipendwa kilipotiwa sukari. Sukari hiyo ilitoka Brazili na visiwa vya Karibi, nayo ililimwa na Waafrika waliouzwa utumwani na kuvushwa bahari ya Atlantiki.

Kwa miaka mingi chokoleti ilikuwa ya matajiri, tena ilikuwa ya kunywa. Mwaka 1828 Mholanzi van Houten alitoa njia ya kukamua mafuta kutoka kwenye kakao kwa mashine. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya mjini Bristol, Uingereza, ikatengeneza chokoleti ya kutafuna. Mwaka 1875 Daniel Peter wa Uswisi akaichanganya na maziwa. Bei ikashuka kiasi kwamba hata mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuwanunulia watoto wake. Kadiri walaji walivyoongezeka ndivyo kakao na sukari zilivyohitajika zaidi, na ndivyo ilivyotafutwa mikono ya kuzilima.

Tunaomba mlishike hilo wakati tunarudi hapa tulipo.

MIWA YA BONDE LA PANGANI

Katika miaka ya 1860 na 1870 mashamba ya miwa yalienea kandokando ya mto wetu, juu kidogo ya mji. Wenye mashamba wengi walikuwa Waarabu wa asili ya Oman. Tusichanganye mambo: sukari hii haikwenda kwa watengenezaji wa chokoleti wa Ulaya. Soko lake lilikuwa Unguja na Arabuni. Lakini namna ya kuilima na kuipika ilikuwa na shida zilezile za Karibi.

Anayejua muwa anajua tabia yake. Ukishakatwa, utamu wake huanza kupotea. Ukiachwa siku chache unachacha. Kwa hiyo lazima ukamuliwe upesi, na maji yake yachemshwe palepale kabla hayajaharibika. Shamba la miwa lilihitaji kinu, masufuria makubwa, kuni nyingi, na watu wa kukata, kubeba, kukamua na kukoroga. Wakati wa mavuno kazi haikungoja alfajiri wala haikukoma magharibi. Muwa ni zao lisilosubiri, na zao lisilosubiri humfanya mwenye shamba naye asiwe na subira kwa wanaomfanyia kazi.

Wanaofanya kazi walikuwa watumwa. Utumwa ulikuwepo pwani kabla ya miwa, na hatutaupamba. Lakini kulikuwa na desturi ambazo watumwa walizishika kama haki zao. Kwa kawaida mtumwa wa shambani alipewa kipande cha ardhi cha kulima chakula chake, na siku katika juma za kufanya shughuli zake mwenyewe. Wengine waliruhusiwa kufanya kazi ya ujira mjini na kumpelekea bwana sehemu ya walichopata. Wengine waliingia katika ngoma na sherehe za mji, wakajihesabu kuwa watu wa pwani kama wenzao. Miwa ilikuja kuyabana yote hayo. Kinu hakikujua siku ya mtumwa ni ipi. Bwana alitaka watu wote, siku zote, hadi sufuria la mwisho liive.

Bwana naye alikuwa na bwana wake, yaani deni. Vinu, masufuria na watumwa vilinunuliwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wenye mitaji, wengi wao wenye asili ya India, ambao nao walikuwa na wakubwa wao Unguja. Sukari ilikuwa imeshauzwa kabla haijapikwa. Mwenye shamba aliyebanwa na deni alimbana aliye chini yake, na aliye chini hakuwa na wa kumbana.

WALIOKATAA MWAKA 1873

Mwaka 1873 watumwa wa mashamba karibu na Pangani waliasi. Waliondoka kwa mabwana wao wakajijengea makazi yao wenyewe, na wenye mashamba walipowafuata kwa silaha walishindwa kuwarudisha.

Mwaka huohuo, mwezi Juni, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Ni tukio kubwa, na makanisa yetu hulikumbuka kwa haki. Lakini mkataba ule haukumwachia huru mtu aliyekuwa tayari anakata miwa Pangani. Yeye alibaki pale alipokuwa. Waliomwondoa mtumwa wa Pangani katika kinu mwaka ule walikuwa watumwa wenyewe.

Wanahistoria waliochunguza habari zao wametuachia jambo la kuzingatia: watu hawa hawakukimbilia mbali. Walikaa karibu na pwani. Walitaka kuishi hapahapa kama watu wa mahali hapa, wenye mashamba yao na siku zao. Walichokataa ni kufanywa sehemu ya mashine.

Kuna jingine ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba ya miwa wa bonde hili. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kutwaa mji Agosti 1888, yeye na wengine wengi waliinuka, na ujasiri wake haufutiki. Alinyongwa hapa Pangani Desemba 1889. Ni shujaa wetu, na shamba lake lililimwa na watumwa. Yote mawili ni kweli, na mtoto wa Pangani anastahili kuambiwa yote mawili.

Utawala wa Kijerumani haukuufuta utumwa. Ulitoa hati za uhuru kwa mtu mmojammoja, na kwa amri ya mwaka 1904 ukawafanya huru watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905. Utumwa ulipigwa marufuku kabisa Tanganyika mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Wapo kati yetu ambao babu na bibi zao walikuwa hai mwaka huo.

Wajerumani walipojenga kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, walijaribu huko mimea mingi ya nchi za joto, kakao ikiwemo. Lakini zao lililotawala Tanga lilikuwa mkonge. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na hapa. Mkonge nao ni zao lisilosubiri: jani likishakatwa lazima lipite kwenye korona upesi, na korona ni mali ya mwenye mtaji. Wafanyakazi walipokosekana, walitafutwa kwa shuruti. Huko Usambara mwaka 1907 ilianzishwa kadi iliyomtaka mwanamume kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi 4. Baadaye wakaja manamba kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, ambao wajukuu wao wengi ni waumini wa parokia zetu leo. Utumwa ulikuwa umekwisha, lakini shuruti ilikuwa imepata karatasi mpya.

KAKAO YA KISIWANI NA WATU WA IMANI

Wakati Pangani inapitia hayo, kakao ilikuwa imeshafika Afrika kwa upande wa magharibi. Mwaka 1822 ililetwa kutoka Brazili hadi kisiwa cha Príncipe, kisha ikaenea São Tomé, koloni la Ureno. Ureno ilitangaza kukomesha utumwa katika makoloni yake. Hata hivyo watu waliendelea kununuliwa ndani ya Angola, wakaandikiwa mikataba ya miaka 5 ambayo hawakuielewa, wakapelekwa visiwani. Mikataba ilipokwisha iliandikwa upya. Karibu hakuna aliyerudi kwao.

Kakao hiyo ilinunuliwa na makampuni makubwa ya chokoleti ya Uingereza: Cadbury, Fry na Rowntree. Hapa tunaomba usikivu wenu, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi watu wa makanisa. Wenye makampuni haya matatu walikuwa waumini wa Kanisa la Marafiki, ambao wengi huwajua kwa jina la Quaker, na wazee wa imani yao walikuwa mstari wa mbele kupinga utumwa. Baadhi yao waliwajengea wafanyakazi wao nyumba nzuri na bustani. Walikuwa watu wema.

Mwaka 1901 William Cadbury aliona tangazo la kuuzwa kwa shamba moja la São Tomé, na ndani ya orodha ya mali za shamba hilo walitajwa wafanyakazi pamoja na bei yao. Tangu siku hiyo alijua. Makampuni yaliuliza, yakaandika barua, yakafika kwa serikali ya Uingereza na ya Ureno. Mwaka 1905 yakamtuma Joseph Burtt kuchunguza. Wakati huohuo mwandishi wa habari Henry Nevinson, aliyesafiri Angola na visiwani mwaka 1904 na 1905, alitoa kitabu chake mwaka 1906 akiuita mfumo ule utumwa wa kisasa. Makampuni yaliacha kununua kakao ya São Tomé mwezi Machi 1909. Gazeti moja la London lilipowaita wanafiki, Cadbury walilishtaki, na Desemba 1909 mahakama ya Birmingham ikawapa ushindi. Fidia waliyopewa ilikuwa robo ya peni.

Kutoka 1901 hadi 1909 ni miaka 8. Hatusemi watu wale hawakuwa na nia njema, maana waliogopa kwamba wakiacha kununua watapoteza sauti mbele ya Ureno, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kwa mtu aliyekuwa anavuna kakao kisiwani, miaka 8 ni zaidi ya mkataba mzima. Wakati sisi tunasubiri ripoti, kuna mtu anayelipia subira yetu. Tumelisema hili tukijitazama wenyewe kwanza, na baada ya muda kidogo mtaona kwa nini.

WAKULIMA WALIOFUNGA MAGHALA

Kuna kakao nyingine iliyofuata njia tofauti. Huko Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, anakumbukwa Tetteh Quarshie, fundi wa chuma aliyekuwa amefanya kazi katika kisiwa cha Fernando Po, kinachoitwa Bioko siku hizi. Alirudi kwao na mbegu za kakao, akazipanda Mampong mwaka 1879. Majirani waliomba mbegu, na majirani wa majirani wakaomba nao. Hapakuwa na mlowezi wala kinu. Familia zilipanda kakao katikati ya vyakula vyao, na kufikia mwaka 1911 Gold Coast ilikuwa inaongoza dunia nzima kwa kuuza kakao.

Wakulima hawa walikuwa na ardhi yao na miti yao, ila bei haikuwa mikononi mwao. Mwaka 1937 makampuni ya Ulaya yaliyonunua kakao yalipatana yasishindane kwa bei. Wakulima walipopata habari, walikataa kuuza. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1937 hadi Aprili 1938 kakao ilikaa maghalani, na watu wakasusia pia bidhaa za maduka ya makampuni hayo. Serikali ya Uingereza ililazimika kutuma tume iliyoongozwa na William Nowell, na mapatano yale ya wanunuzi yakasitishwa.

Wajumbe wapendwa, jiulizeni: kwa nini wakulima wale waliweza kukataa kwa miezi mingi hivyo, na kwa nini mkata miwa wa Pangani hakuwa na njia ila kukimbia? Ujasiri ulikuwepo pande zote mbili. Moja ya tofauti ni kwamba wale wa Gold Coast walikuwa huru, wenye ardhi. Ya pili ni tabia ya zao. Kakao ikishavundikwa siku tano au sita chini ya majani ya mgomba, kisha ikakaushwa juani kwa wiki moja hivi, huweza kukaa ghalani miezi. Inasubiri. Na mwenye kitu kinachosubiri anaweza kumwambia mnunuzi, "Bei yako siitaki, njoo kesho." Anayeweza kusubiri ndiye anayeweza kukataa.

KOSA LETU

Sasa tunafika kwetu, na hapa hatutamtaja mtu mwingine yeyote.

Miaka kadhaa iliyopita shirika letu liligawa miche ya kakao katika parokia za mlimani. Mliotufadhili mnakumbuka ripoti zetu za robo mwaka. Tuliandika idadi ya miche, idadi ya kaya na idadi ya wanawake walioshiriki mafunzo. Picha zilipendeza. Hatukuandika nani atanunua, kwa kipimo gani, wala mkulima atafanya nini akipewa bei mbaya. Hatukuandika kwa sababu hatukuuliza.

Miti ilipozaa alikuja mnunuzi mmoja kwa pikipiki. Alinunua mbegu mbichi, kwa ndoo. Ndoo ilikuwa yake, kipimo chake na bei yake. Wakulima hawakuwa na masanduku ya kuvundikia wala vichanja vya kukaushia, na ninyi mnazijua mvua za mlimani. Mbegu mbichi haiwezi kulala siku nyingi, huota ukungu. Ikifika Januari, mtoto anahitaji sare na madaftari, na mwenye ndoo analijua hilo kuliko mwalimu mkuu. Wengine walikuwa wameshachukua fedha zake miezi kadhaa nyuma, kakao ikiwa bado ua mtini.

Tulimpa mkulima zao linaloweza kusubiri, kisha tukamwacha alitumie kama muwa.

Yule bibi aliyeuliza kwa nini kakao yetu chungu ni mmoja wao. Tulipomtembelea baadaye tulikuta amekata baadhi ya miti akapanda migomba. Hakutugombeza. Alitupa kigoda tukakaa, akatuletea chai. Ndipo akasema, "Wanangu, miti mlituletea. Habari ya mwenye ndoo hamkutuambia."

Tulirudi kimya. Tukakumbuka miaka 8 ya Cadbury, tukahesabu ya kwetu.

TUNACHOOMBA

Wengine watasema, mbona bei ya kakao ilipanda? Ni kweli kwamba mwaka 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, na wenzetu wa Kyela, kule Mbeya, inakotoka kakao nyingi ya Tanzania, waliuza kwa bei ambayo hawakuwahi kuiona. Lakini mwaka 2025 bei ya dunia ilishuka tena kwa kasi. Bei nzuri ni mvua: tunaishukuru ikija, ila nyumba haijengwi juu ya matumaini ya mvua. Kyela waliinufaika vizuri zaidi pale walipouza kakao kavu, kupitia vyama vya ushirika na minada ya stakabadhi ghalani, kuliko walipouza mbichi kwa ndoo.

Kwa hiyo kwa kamati za parokia tunaomba haya. Kabla ya kupokea mche wowote, wa kakao, wa viungo au wa kitu kingine, kutoka kwetu au kwa shirika lolote, ulizeni maswali matatu na jibu liandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu:

1. Kazi ataifanya nani? Kama jibu linahitaji mtoto akose shule ili abebe ndoo, mradi huo usipokelewe.

2. Bei na kipimo ataviweka nani? Parokia inunue mizani yake, ikae mahali pa wazi, kila mtu aione.

3. Mkulima asipoipenda bei, anaweza kusubiri kwa muda gani? Kama hawezi kusubiri hata wiki moja, kazi ya kwanza ni kumwezesha kusubiri, ndipo miche ifuate.

Kwa marafiki zetu wafadhili, tunajua mnapenda kuona idadi, nasi tumewazoesha hivyo. Tunaomba mtuvumilie tukibadilisha tunachohesabu. Sanduku la kuvundikia si kitu cha kupigia picha. Kichanja cha kukaushia chenye paa la nailoni hakipendezi kama mtoto aliyeshika mche. Mfuko mdogo wa akiba na mikopo unaomsaidia mama kununua sare mwezi Januari, ili asiuze kakao ikiwa ua, hauonekani kabisa. Lakini hivyo ndivyo vitakavyompa uwezo wa kumwambia mwenye ndoo arudi kesho. Katika ripoti zijazo tutawaandikia ni kaya ngapi ziliuza kakao kavu, na ni ngapi ziliwahi kukataa bei. Hesabu hiyo ya pili itakuwa ndogo mwanzoni. Msivunjike moyo.

Mchana huu, baada ya chakula, mtaombwa kuamua jambo moja: fedha za msimu ujao ziende kwenye miche mipya kama ilivyopangwa, au zijenge kwanza masanduku, vichanja na ghala kwa wale waliokwisha kupanda. Sisi tumeshasema tunakoelemea. Lakini msituonee haya. Watu wa bonde hili waliwahi kukataa wakati kukataa kulikuwa na bei ya damu. Nanyi mna haki ya kutukatalia sisi, hapa kivulini, kwa kunyoosha mkono tu.

 

(Baada ya majadiliano, kamati zote isipokuwa moja ziliafiki fedha zijenge masanduku, vichanja na ghala kwanza. Kamati iliyopinga iliomba miche michache iendelee kutolewa kwa kaya za wajane ambazo bado hazina kitu shambani. Ombi hilo limekubaliwa, kwa sharti kwamba maswali matatu yajibiwe kwanza. Yule bibi aliomba sanduku lake liwe karibu na jiko, apate kulilinda na mbuzi.)